Breki zililainika tukiteremka mlima na karavani: je, zimepona?

"Mtaalamu, mimi na mume wangu tuna gari la dizeli lenye giaboksi ya otomatiki, na tunavuta karavani ya ekseli moja ambayo ikiwa na mizigo hufika kilo 1,400. Mwezi uliopita tuliteremka barabara ya mlimani yenye kibao cha asilimia 10 kwa kilomita 8 hivi. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Gia ilikuwa kwenye D, na nilienda kilomita 60 kwa saa huku nikiigusa breki kidogo kidogo bila kuiachia, kwa sababu nilifundishwa kwamba kukanyaga kwa nguvu ukiwa na tela ni hatari. Tulipokaribia chini nilisikia harufu kali ya kuungua, kisha pedali ikawa laini ikashuka karibu na sakafu. Nashukuru niliweza kusimama. Baada ya dakika kama arobaini pedali ilirudi kuwa ngumu, na mume wangu anasema basi hakuna kilichoharibika. Tuliona pia kwamba gurudumu la kulia la karavani lilikuwa la moto kuliko la kushoto. Rafiki mmoja ametushauri tuwe tunateremka kwa gia huru ili injini isiumie. Mwingine anasema tuuze karavani tununue gari-nyumba. Tuna safari nyingine ya mlima mrefu zaidi. Tufanye nini?"

Dada, pole kwa hofu uliyoipata, na ahsante kwa kueleza kwa undani, maana katika maelezo yako mna karibu kila kitu ninachohitaji ili nikujibu. Naona unauliza mambo mawili: kama breki zimepona, na kama kosa ni la karavani au la namna mlivyoteremka. La kwanza nalijibu moja kwa moja: hazijapona, na gari hilo lisivute karavani tena mpaka fundi alikague. La pili linahitaji maelezo marefu kidogo, lakini kwa ufupi ni kwamba karavani haina kosa kubwa. Kilichowafikisha pale ni kasi na gia ambazo mlikuwa nazo tangu mkiwa juu, kabla mteremko haujawashika.

Tuanze na joto, kwa sababu ndilo adui wa kila anayeshuka mlima na mzigo. Nakadiria kwamba gari lenu, karavani, mizigo na nyinyi wenyewe mna uzito wa tani 3 au zaidi kidogo. Kilomita 8 za mteremko wa asilimia 10 ni kushuka takriban mita 800 kwa wima. Nguvu iliyotumika kuupandisha mzigo huo mita 800 hairudi bure. Lazima iende mahali, na kazi ya breki ni kuigeuza kuwa joto. Tani 3 zikishuka asilimia 10 kwa kilomita 60 kwa saa, mlima unazisukuma kwa takriban kilowati 49 wakati wote. Fikiria birika za umeme 24, kila moja ya kilowati 2, zikichemka kwa pamoja kwa dakika 8 bila kuzimwa. Upepo unaoikabili karavani na msuguano wa tairi huchukua sehemu yake, lakini kinachobaki, kama injini haisaidii, huishia kwenye diski, pedi na lainingi zenu (lainingi ni pedi za breki za ngoma).

Sasa tazama kilichotokea kwenye pedali. Ukikanyaga breki, mguu wako husukuma mafuta ya breki ndani ya mabomba, na mafuta hayo husukuma pistoni zinazobana pedi kwenye diski. Mpangilio huo unafanya kazi kwa sababu kimiminika hakigandamizwi. Lakini mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kama kifuniko cha chupa yake ndani ya gari hakijafunguliwa kamwe. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230; yakishanyonya maji kwa kiwango kinachotumika kuyapima, kima cha chini kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155. Pedi zilizobanwa kwa dakika 8 mfululizo hupeleka joto hilo kwenye pistoni, mafuta yaliyo karibu nazo yanachemka, na mapovu ya mvuke yanajitokeza. Mvuke, tofauti na mafuta, unagandamizwa kwa urahisi, kwa hiyo mguu wako ulikuwa unabana mapovu badala ya kubana pedi. Hiyo ndiyo pedali laini uliyoihisi.

Mumeo ameona jambo la kweli, ila hitimisho lake ndilo lenye hatari. Joto liliposhuka, mvuke uligeuka tena kuwa kimiminika na pedali ikawa ngumu. Mafuta ni yaleyale, maji yaliyomo ni yaleyale, na siku yatakapofika kwenye joto lile yatachemka tena. Ninasisitiza hili kuliko jambo lolote katika jibu hili, kwa kuwa nimefundisha madereva wa matela kwa miaka mingi na wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale ambao breki zao zilizimia mara moja, zikarudi, nao wakaamua kwamba zimewasamehe. Ile harufu nayo ina habari yake: ni gundi inayoshikilia pedi na lainingi, ambayo ikizidi joto hutoa gesi na kuacha uso wa pedi ukiwa laini na wenye kung'aa kama kioo. Pedi ya namna hiyo hushika vibaya hata ikiwa baridi.

Mafunzo uliyopewa, kwamba kukanyaga kwa nguvu ukiwa na tela ni hatari, hayakuwa ya uongo. Yana mahali pake: kwenye barabara yenye utelezi, katikati ya kona, na pale tela linapoanza kuyumba. Kwenye mteremko mrefu mkavu mambo hugeuka. Kugusa breki kidogo bila kuiachia huzinyima diski nafasi ya kupoa, kwa kuwa hewa hupoza vizuri pale tu pedi zinapokuwa zimeachia. Njia iliyo bora ni hii: chagua kasi usiyotaka kuivuka, tuseme kilomita 40 kwa saa. Ukiifikia, kanyaga kwa uthabiti, bila kushtua, hadi kasi ishuke kwenye 30, kisha uondoe mguu kabisa. Kazi hiyo huchukua sekunde tatu au nne. Iache kasi ipande tena yenyewe kuelekea 40, na wakati huo diski zinapumua. Kama kasi inarudi 40 mara moja, ndani ya sekunde chache tu, jua kwamba gia uliyo nayo ni kubwa mno, na usijaribu kuliziba pengo hilo kwa breki.

Hapo ndipo tunapofika kwenye gia, na kwenye ushauri wa rafiki yako wa kwanza, wa kuteremka kwa gia huru. Nakuomba usiufuate hata kwa mita mia. Injini haiumii inapozuia gari, mradi mshale wa mizunguko usiingie eneo jekundu. Ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gia imeshika, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kazi ya kusukuma pistoni na kugandamiza hewa hulivuta gari nyuma. Gia ikiwa ndogo, injini huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu, na mvuto huo huongezeka. Joto lake huondolewa na rejeta na bomba la moshi, vifaa ambavyo vimetengenezwa kwa kazi hiyo, wala si na pedi zenye ukubwa wa kiganja. Hata hoja ya kuokoa mafuta haisimami: injini za kisasa zenye mfumo wa elektroniki hukata mafuta kabisa zinaposukumwa na magurudumu, ilhali kwenye gia huru lazima zichome kidogo ili zisizime.

Kwenye otomatiki kuna mtego ambao wewe uliuingia bila kujua. Ikiwa kwenye D, giaboksi nyingi huona mguu umetoka kwenye mafuta na kudhani unataka utulivu, kwa hiyo hupanda gia ya juu, na injini hubaki haisaidii chochote. Ni lazima uichague mwenyewe, kwa kusogeza kishikio upande wa M au alama za kujumlisha na kutoa, au kwenye 2 au L kwa magari ya zamani. Madereva wa zamani walisema gia iliyokupandisha ndiyo ikushushe. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini dizeli za sasa zenye turbo zina nguvu nyingi na hupanda kwa gia kubwa, kwa hiyo mimi hushauri gia moja au mbili chini ya ile iliyokupandisha. Kwa asilimia 10 na karavani ya kilo 1,400, ningeanza na gia ya pili nikiwa juu kabisa, nikiwa karibu nimesimama, na kupanda hadi ya tatu kama naona nazuiliwa kupita kiasi. Injini itanguruma kwa mizunguko 3,000 au 3,500 kwa dakika na abiria watakutazama. Waache. Kosa la kawaida ni kusubiri mpaka gari limeshakimbia: giaboksi ya otomatiki itakataa kushuka gia ili kulinda injini, na kwenye gari la klachi unaweza kutoa gia kubwa ukashindwa kuingiza ndogo, ukabaki huna hata moja.

Usitegemee pia kile kitufe cha kuteremkia milima kilicho kwenye magari mengi ya kisasa, kwani kimetengenezwa kwa miteremko mifupi ya njia mbovu na hufanya kazi kwa kubana breki zilezile. Na kama siku moja mtakuwa na gari la umeme au mseto, kuna jambo la kukumbuka: motor huzuia gari kwa kurudisha umeme kwenye betri, na betri ikiwa imejaa huko kileleni, umeme huo hauna pa kwenda na msaada hupungua sana.

Nusu ya kasi hubadilisha nini? Jumla ya joto la kuondoa ni karibu ileile, kwa sababu mlima haujapungua; tena upepo, unaosaidia kuzuia gari likiwa na kasi, hupunguza msaada wake ukienda polepole. Nalisema hili ili usifikiri kwamba mwendo mdogo peke yake unatosha. Lakini kwa kilomita 30 kwa saa mlima unakusukuma kwa kilowati 24 badala ya 49, na gia ndogo, ambayo usingeweza kuitumia ukiwa 60, inabeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Muda wa kupoa unaongezeka maradufu. Na gari likilazimika kusimama ghafla, linahitaji kumeza robo tu ya nguvu ya mwendo. Magari yakijipanga nyuma yako, ingia pembeni penye nafasi uwapishe. Hiyo ni heshima kwao na mapumziko kwa breki zako.

Sasa karavani. Hukusema ina breki za aina gani, lakini unaweza kujua kwa kutazama. Kama nyuma ya kichwa kinachoshika tufe la gari (ile mpira ya chuma nyuma ya gari inayobeba karavani) kuna mpira uliojikunja kama akodioni, na ukiusukuma mkono wa chuma unaingia ndani, hizo ni breki za kusukumwa, ambazo ni za kawaida Ulaya. Gari linapopunguza mwendo, karavani huusukuma mkono huo, nao huvuta waya unaobana lainingi kwenye ngoma za magurudumu. Hazijui kama umekanyaga breki au umeshusha gia. Zinachohisi ni kusukumwa tu. Maana yake ni kwamba kwenye mteremko mrefu hubana kidogo karibu muda wote, hata ukiendesha vizuri kabisa, na ndiyo sababu nashauri kusimama katikati ya njia penye eneo tambarare. Kama ni za umeme, zinazotumika sana Marekani na Australia, kuna kifaa ndani ya gari cha kurekebisha nguvu yake, na faida yake kubwa ni kwamba unaweza kuibana karavani peke yake kwa kidole.

Aina zote mbili hazitumii mafuta ya breki ya gari. Kwa hiyo una matatizo mawili tofauti, na pedali laini ni la gari. La pili ni lile gurudumu la kulia. Magurudumu mawili ya ekseli moja yaliyoshuka mlima mmoja yanapaswa kuwa na joto linalokaribiana. Moja likizidi sana, ama waya au lainingi zake zimebana na haziachii, ama beringi yake inaanza kwisha, ama lile la kushoto halifanyi kazi na la kulia linabeba mzigo wa yote mawili. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, maana mtu huenda kutafuta ubovu kwenye gurudumu la moto kumbe mgonjwa ni lile baridi. Mlifanya vyema kulitambua. Kila mnaposimama, sogeza mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu bila kukigusa. Ngozi ya huko huhisi joto upesi, na baada ya safari chache utajua joto la kawaida ni lipi.

Kuna jambo jingine la mteremko ambalo hukuliuliza lakini silipiti. Karavani inayoisukuma gari huyumba kwa urahisi kuliko inayovutwa, kwa hiyo mahali ambapo kasi inataka kupanda ndipo pia ambapo mkia hutaka kucheza. Kinga yake hupangwa wakati wa kupakia: vitu vizito chini na juu ya ekseli, na uzito unaolalia tufe la gari uwe wa kutosha. Kwa karavani za Ulaya, asilimia 5 hadi 7 ya uzito wake halisi ndicho kipimo kinachotumika, yaani kilo 70 hadi 98 kwa yenu, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia tela na kwenye kitabu cha gari. Ikianza kuyumba, shika usukani ulionyooka, toa mguu kwenye mafuta, na usijaribu kuifukuzia kushoto na kulia. Usiongeze mwendo kama wengine wanavyoshauri. Mlimani huna nafasi ya kujaribu hilo.

Je, muuze karavani? Mkitaka gari-nyumba kwa sababu nyingine, ni uamuzi mzuri: hakuna kiungo cha katikati, hakuna mkia wa kuyumba, na kurudi nyuma kwenye kona nyembamba si mtihani. Lakini magari-nyumba mengi yamesajiliwa kwa kikomo cha kilo 3,500, na yakijazwa maji, vyakula na baiskeli hufika hapo au kupita bila mwenyewe kujua. Lita 100 za maji peke yake ni kilo 100. Mzigo huo wote unazuiwa na seti moja ya breki za magurudumu manne. Sehemu ya nyuma iliyochomoza baada ya ekseli hugusa lami kwenye kona kali zenye mwinuko wa ghafla. Ukiteremka nalo kwenye D kwa kilomita 60 mguu ukiwa juu ya breki, litanuka vilevile. Mimi ningebaki na karavani, nikaitengeneza, nikajifunza gia kwanza.

Kuhusu kupanda sina mengi, kwa kuwa kupanda hukuchosha wewe na injini lakini hukupa muda wa kufikiri. Kikomo cha kuvuta kilichoandikwa kwa magari ya Ulaya kinatokana na uwezo wa kuondoka kutoka kusimama kwenye mwinuko wa asilimia 12, kwa hiyo vibao vya 15 au 20 vipeni heshima yake. Mshale wa joto ukipanda, punguza gia, zima kiyoyozi, na usifungue rejeta ikiwa moto. Ziko pia barabara za kuachwa: Sutton Bank, kaskazini mwa Uingereza, yenye mwinuko wa 1 kwa 4, imepigwa marufuku kwa karavani. Kabla ya safari yenu ijayo, tazameni njia yote kwenye ramani yenye miinuko, na kama kuna njia iliyo ndefu zaidi lakini yenye mteremko wa asilimia 6 au 7 tu, mimi ningeifuata hiyo.

Kama pedali italainika tena ukiwa bado kwenye mteremko, ipige haraka haraka mara kadhaa, kwani wakati mwingine shinikizo hurudi kwa muda. Shusha gia moja baada ya nyingine, vuta breki ya mkono taratibu, au kama ni ya kitufe kishikilie bila kuachia, na usizime injini kamwe, maana usukani utakuwa mzito na breki zitapoteza msaada uliobaki. Barabara nyingi kubwa za milimani zina njia za dharura zenye changarawe nene. Iingie bila kusita, hata kama gari litakwama. Pasipo na njia hiyo, elekea upande wa ukingo wa mlima, si wa bonde. Ukishasimama, weka kabari kwenye magurudumu kabla ya lolote, na usimwage maji juu ya diski au ngoma zilizo na moto, kwa sababu zinaweza kupasuka.

Kwa sasa, mpelekee fundi gari na karavani kwa pamoja, na usimwambie tu kwamba "breki zinasumbua", kwa sababu ataliendesha kwenye barabara tambarare, aone ni nzima, akurudishie. Mwambie: pedali ilishuka hadi sakafuni baada ya mteremko wa kilomita 8, ikarudi ilipopoa. Mwombe abadilishe mafuta yote ya breki, si kuongeza, na aandike tarehe hiyo ili yabadilishwe tena baada ya miaka miwili. Aziondoe pedi azitazame uso, apime diski. Kwenye karavani afungue ngoma zote mbili, ya kulia na ya kushoto, akague beringi, na arekebishe waya ili pande zote zibane sawa; akague pia ule waya wa usalama unaovuta breki ya mkono endapo karavani itachomoka. Kisha wewe na mumeo mtafuteni mwalimu wa kuendesha na tela, hata kwa nusu siku, mkiwa na karavani yenu wenyewe na mteremko mfupi usio na magari, ili mara ya kwanza kusikia injini ikinguruma kwenye gia ya pili iwe mahali ambapo mkikosea hakuna bonde pembeni.